UZI: Ukubwa wa mboni baada ya kuwekewa lenzi ya ICL kwa wasioona mbali. Kipi cha kawaida, kipi cha kukimbilia hospitali

MpimaMacho:

Wadau, maswali ya mboni baada ya ICL (lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho) yamekuwa mengi, na yanajibiwa kwa mkato: "ni kawaida, itarudi." Mara nyingi ni kweli. Ila jibu hilohilo likimfikia mtu ambaye presha ya jicho imempanda usiku ule wa upasuaji, mboni yake inaweza isibane tena maisha yake yote. Kwa hiyo naomba tuliweke jambo hili kwa kina, na wenye ujuzi waongeze.

Kwanza, lenzi inakaa wapi? ICL huwekwa nyuma ya airisi (sehemu yenye rangi inayozunguka mboni), mbele ya lenzi ya asili, pembe zake nne zikiegemea kwenye mfereji mwembamba ulio nyuma ya shina la airisi. Kati ya ICL na lenzi ya asili hubaki nafasi, ambayo humu nitaiita mwinuko. Inayotafutwa ni kama maikroni 250 hadi 750. Maana yake ni kwamba mgongo wa airisi, uliozoea kuteleza juu ya lenzi ya asili, sasa unateleza juu ya kitu kipya, tena ukiwa umesukumwa mbele kidogo.

Sasa mwenendo wa mboni yenyewe. Saa za mwanzo haisemi chochote cha maana, kwa sababu dawa ndizo zinazotawala. Tropikamaidi, tone la kutanua mboni, hushika saa 4 hadi 8, na kwenye airisi nyeusi inaweza kuchelewa kuisha, maana rangi ya airisi huikamata dawa na kuiachia polepole. Kama daktari alimalizia kwa kuweka kabakoli, dawa ya kubana mboni, ndani ya jicho, utakuta kinyume chake: kesho yake asubuhi mboni ni ndogo sana na paji la uso linauma.

Wiki ya kwanza mboni huwa nzito. Ukiimulika inabana, ila taratibu, na haibani kwa kiasi kilekile. Msuli mwembamba unaozunguka ukingo wa mboni umetoka kuguswa na vyuma, na jicho lina uvimbe mdogo wa ndani. Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu wepesi hurudi kwa walio wengi, na vipimo vya kabla na baada huonyesha mboni imetulia ikiwa ndogo kidogo kuliko zamani, hasa kwenye mwanga hafifu. Tunazungumzia sehemu za kumi za milimita. Si nyingi, lakini mboni ya milimita 6 ikishuka hadi 5.5, eneo la kupitishia mwanga limepungua asilimia 16.

Sababu ziko zaidi ya moja. Kuna msuguano wa airisi na lenzi mpya. Kuna uvimbe wa baada ya upasuaji. Na kuna moja ambayo wengi huisahau: aliyekuwa na miwani ya -8 alikuwa anasoma kwa jitihada ndogo kuliko mtu asiyevaa miwani. Kitabu kikiwa sentimita 40, miwani hiyo ikiwa milimita 12 mbele ya konea (kioo cha mbele ya jicho), jicho lake lilihitaji kujikaza kama daiopta 2.0 (kipimo cha nguvu ya lenzi). Baada ya ICL, umbali uleule unadai kama 2.4. Jicho likijikaza kusoma, mboni nayo hubana. Hivyo sehemu ya badiliko haitokani na jeraha lolote. Jicho limepewa kazi halisi ya kusoma.

Jambo jingine linalowachanganya watu kwenye kioo: miwani ya kutoona mbali hupunguza sura ya jicho. Kwa -8, mboni inaonekana ndogo kwa takribani asilimia 10. Miwani ikivuliwa, ndugu na jamaa wanasema "mboni zako zimekuwa kubwa" wakati kipimo kinasema zimepungua. Usilinganishe picha ya zamani ukiwa na miwani na ya sasa bila miwani.

SwaliMoja:

Asante mkuu. Mtu akifanyiwa jicho moja leo na la pili baada ya siku kadhaa, mboni zisipolingana atajuaje lipi lina tatizo? Na kupima kwa simu nyumbani kunafaa?

MpimaMacho:

Kwanza tujue kwamba mboni zisizolingana zipo hata kwa watu ambao hawajawahi kuguswa. Takribani mtu mmoja kati ya watano ana tofauti ya milimita 0.4 au zaidi, na tofauti hiyo haimdhuru. Ndiyo maana mboni zipimwe kabla ya tone la kwanza la dawa siku ya maandalizi, na namba ziandikwe kwenye faili. Bila namba hizo unabaki unakisia.

Kujua lenye shida, linganisha mwanga na giza. Tofauti ikiongezeka kwenye mwanga mkali, tatizo ni jicho lenye mboni kubwa, kwa kuwa limeshindwa kubana. Tofauti ikiongezeka gizani, tatizo ni lenye mboni ndogo, limeshindwa kutanuka. Baada ya ICL, hali ya kwanza ndiyo yenye uzito.

Kipimo cha kliniki hutumia kamera ya mwanga usioonekana, mgonjwa akae gizani dakika 5 hivi, atazame kitu cha mbali. Akitazama karibu mboni hubana na kipimo kinaharibika. Simu inafaa kwa kufuatilia tu, na kwa masharti haya: chumba kilekile, taa ileile, saa ileile, flashi imezimwa, macho yatazame ukuta wa mbali, na kwenye paji la uso ubandike kipande cha karatasi chenye duara la milimita 10 ili uwe na kipimo ndani ya picha. Simu isogee nyuma angalau nusu mita na ukuze picha kwa kamera. Ukiisogeza karibu, mtu huikodolea. Ukifanya hivyo unaweza kuona tofauti ya nusu milimita. Chini ya hapo usijidanganye.

Kuna jambo dogo la kitaalamu: mboni tunayoiona kwa nje imekuzwa na konea kwa kama asilimia 13. Ukisoma 7.0, tundu halisi la airisi ni kama 6.2. Litatusaidia tukifika kwenye miduara ya usiku.

DktAirisi:

Nichukue upande wa hatari, kwa sababu hapa ndipo dakika zina thamani.

Ishara ni hizi, hasa ndani ya saa 24 za mwanzo: mboni imetanuka na haisogei hata ukiimulika kwa karibu, jicho linauma, kichwa upande huohuo kinagonga, kichefuchefu au kutapika, kuona kama kuna ukungu au taa zenye upinde wa rangi. Huyo hangoji miadi ya kesho. Presha ya jicho ya kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ikipanda ikapita 40 na kukaa huko, mishipa midogo ya damu ya airisi hubanwa, msuli wa kubana mboni unakosa damu, na ukishakufa haufufuki. Hali hiyo inaitwa kwa jina la Alberto Urrets-Zavalia, aliyeieleza mwaka 1963 kwa wagonjwa waliopandikizwa konea na kupewa atropini, dawa ya kutanua mboni kwa muda mrefu. Imeshaonekana pia baada ya ICL. Mboni inabaki wazi, hata pilokapini, dawa ya kubana mboni, haiibani, na mwanga wa mchana unakuwa adha.

Presha inapanda kwa njia tofauti, na matibabu hayafanani, kwa hiyo daktari lazima atazame chemba ya mbele (nafasi kati ya konea na airisi) kabla ya kuandika dawa.

Ya kawaida zaidi ni jeli ya upasuaji iliyobaki ndani. Chemba ya mbele ni yenye kina, mwinuko ni wa wastani, presha iko juu. Hapa kufungua kidogo kitundu cha pembeni kwenye taa ya uchunguzi, kwa usafi kamili, na kutoa majimaji kidogo hushusha presha palepale. Inaweza kupanda tena baada ya saa moja au mbili jeli ikiendelea kuziba mifereji, kwa hiyo mgonjwa apimwe tena kabla ya kuruhusiwa. Pamoja na hapo, dawa za kushusha presha: matone ya timololi 0.5% na vidonge vya asetazolamaidi, miligramu 250 hadi 500, isipokuwa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa au figo mbovu.

Ya pili ni mboni kuzibwa. Jicho hutengeneza majimaji kama maikrolita 2.5 kwa dakika nyuma ya airisi, na yanapaswa kufika mbele. ICL za zamani hazikuwa na tundu, kwa hiyo ilibidi kutoboa airisi kwa leza kabla. Aina ya sasa ina tundu katikati lenye upana wa milimita 0.36, na kwa wengi linatosha. Lakini jeli nzito au utando wa uvimbe ukiliziba, airisi inasukumwa mbele, chemba inakuwa finyu na mwinuko unapanda sana. Hapa kutanua mboni au kutoboa airisi kwa leza ndiko kunakofungua njia. Kumpa huyu timololi peke yake na kumrudisha nyumbani ni kumwacha na tatizo lilelile.

Ya tatu ni lenzi ndefu kuliko jicho. Mwinuko unapita maikroni 1000, airisi imevutwa kama ngozi ya ngoma, mboni inakosa wepesi, na rangi ya airisi inasuguliwa na kuziba mifereji polepole. Hii haiji kwa kishindo usiku wa kwanza, huonekana kwa wiki. Lenzi ya kawaida inaweza kuzungushwa kutoka mlalo hadi wima, kwa kuwa mfereji wa wima mara nyingi ni mrefu zaidi na mwinuko hushuka. Lenzi ya kurekebisha astigmatizimu (jicho lisilolenga mwanga sawa pande zote) huwezi kuizungusha ovyo, utaharibu mhimili. Hiyo hubadilishwa kwa saizi ndogo. Saizi ziko nne tu: 12.1, 12.6, 13.2 na 13.7.

Na presha ikipanda kuanzia wiki ya pili na kuendelea, jicho likiwa jeupe bila maumivu, fikiria kwanza matone ya steroidi, yale ya kutuliza uvimbe.

Chumba_cha_Upasuaji:

Dkt amesema vizuri. Naongeza yanayotokea mezani, maana mboni nyingi zenye umbo baya zimeharibikia pale.

Kutanua: tropikamaidi 1% na fenilefrini 2.5%, tone mojamoja, kila dakika 10, mara tatu, kuanzia kama saa moja kabla. Mboni inatakiwa ifike milimita 7 au 8. Ikigomea kwenye 5 na daktari akaendelea, pembe za lenzi zitaingizwa chini ya airisi kwa kulazimisha, na msuli wa ukingoni utachubuka. Ni heri kusubiri dakika 15 zaidi na kurudia matone, au kuongeza fenilefrini ya ndani ya jicho, isiyo na kihifadhi.

Njia ya kuingilia kwenye konea ni takribani milimita 3. Ikikatwa fupi mno, au presha ya ndani ikiwa juu kwa jeli nyingi, airisi inachomoka nje ya kidonda. Ikichomoka mara moja ikarudishwa kwa upole, kwa kawaida mboni hupona. Ikichomoka mara tatu, rangi inachunika upande ule na mboni inabaki imechongoka kuelekea kwenye kidonda. Kosa la kawaida ni kuisukuma airisi kwa chuma huku presha bado iko juu. Toa jeli kidogo kwanza kupitia kitundu cha pembeni, airisi itarudi yenyewe au kwa kusugua konea kwa nje.

Lenzi ina vitundu viwili vidogo vya alama: cha mbele kikae kulia, cha nyuma kushoto, wakati inafunguka. Ukiviona kinyume, lenzi iko kichwa chini. Inatolewa na kupakiwa upya. Kuigeuza ndani ya jicho ni kucheza na airisi, konea na lenzi ya asili kwa pamoja.

Kabla ya kufunga, hakikisha pembe zote nne zimeingia chini ya airisi na mboni ni duara. Mboni ikivutika upande mmoja baada ya kubanwa kwa dawa, ujue kuna pembe imebaki juu. Ni rahisi kuirekebisha pale mezani kuliko kesho yake.

TaaZaUsiku:

Mimi hoja yangu ni kwamba watu wenye mboni kubwa gizani wasifanyiwe kabisa. Miduara kuzunguka taa inatoka hapo.

MpimaMacho:

Ndugu, sehemu ya hoja ina ukweli, lakini hitimisho ni kali mno. Tupige hesabu.

Sehemu ya ICL yenye nguvu ya kuona si lenzi nzima. Upana wake ni kati ya milimita 4.9 na 5.8 kwa aina ya EVO, ile ya sasa yenye tundu katikati, na hufika 6.1 kwa EVO+, kutegemea nguvu. Nguvu kubwa mara nyingi huja na upana mdogo. Mtu mwenye mboni ya 7.0 gizani ana tundu halisi la 6.2 kama nilivyosema. Akipata lenzi ya 4.9, zaidi ya theluthi moja ya mwanga unaoingia unapita nje ya ukingo, haujarekebishwa. Huyo lazima aelezwe mapema. Mtu mwenye mboni hiyohiyo akipata lenzi ya 6.1, ukingo karibu unafunikwa wote. Kwa hiyo swali la kuuliza ni "mboni yake ikilinganishwa na upana wa lenzi atakayopata," na jibu lipatikane kabla ya kuagiza lenzi.

Pia, si kila duara linatoka ukingoni. Kuna pete nyembamba, safi, inayoonekana kuzunguka taa moja kali, ambayo hutoka kwenye kuta za tundu la katikati. Hiyo haitegemei mboni kubwa. Mboni halisi ikiwa milimita 3, tundu la 0.36 linachukua asilimia 1.4 tu ya eneo. Mboni ikiwa 2, linafika 3.2. Wengi huacha kuiona pete hiyo kadiri miezi inavyopita.

Na kabla ya kulaumu mboni, pima nguvu iliyobaki. Astigmatizimu ya 0.75 iliyoachwa bila kurekebishwa hutawanya taa usiku vibaya kuliko watu wanavyodhani, na miwani nyepesi ya kuendeshea usiku inaweza kumaliza malalamiko. Konea kavu nayo hivyohivyo.

TaaZaUsiku:

Hapo nimekuelewa, upana wa lenzi sikuuhesabu. Je, matone ya kubana mboni usiku?

DktAirisi:

Yapo, lakini hayafanani hata kidogo.

Brimonidini 0.15% au 0.2% huzuia mboni kutanuka sana gizani. Tone moja nusu saa kabla ya kuendesha, nguvu yake hudumu saa kadhaa. Haivuti msuli wa kulenga, kwa hiyo haisogezi lenzi ya asili. Tatizo lake ni kuzoeleka: ukiweka kila siku nguvu inapungua. Itumike usiku unaohitajika tu. Kinywa kukauka na usingizi ni vya kutarajia, na wanaotumia baadhi ya dawa za sonona wasiiguse bila kumuuliza daktari.

Pilokapini ni habari nyingine. Pilokapini 1.25% ilikubaliwa Marekani Oktoba 2021 kwa wanaoshindwa kusoma kwa sababu ya umri, na tangu hapo wenye ICL wanaiulizia. Inabana mboni kwa nguvu, lakini pia inakaza msuli wa kulenga. Lenzi ya asili inavimba na kusogea mbele, mwinuko unapungua, na kuona mbali kunapata ukungu kwa muda. Kibaya zaidi, jicho refu la mtu asiyeona mbali lina retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) nyembamba pembeni, na dawa za kundi hili zimehusishwa na retina kuchanika na kubanduka. ICL imerekebisha namba ya miwani tu, urefu wa jicho haukubadilika. Simpendekezei mwenye -10 pilokapini ya kuendeshea gari.

SwaliMoja:

Daktari, umesema mwinuko unapungua mboni ikibana. Ina maana hata mwanga wa kawaida unaubadilisha?

DktAirisi:

Ndiyo, na ni kosa la kipimo ninaloliona likizua hofu isiyo na sababu. Mwangani airisi inajinyoosha na kuisukuma ICL nyuma, mwinuko unashuka. Gizani unapanda. Tofauti ni makumi ya maikroni, na kwa baadhi ya macho hupita 100. Mtu aliyepimwa 310 chumba kikiwa giza akapimwa tena 230 taa zikiwa zimewaka anaambiwa "lenzi imeshuka," wakati haijaenda popote. Picha ya OCT (mashine inayopima tabaka za jicho kwa mwanga) ya mbele ya jicho ipigwe kwenye mwanga uleule kila mara, na kwa mwenye mwinuko mdogo ipigwe mara mbili, gizani na mwangani. Ya mwangani ndiyo inayoonyesha lenzi mbili zinavyokaribiana zaidi, na hapo ndipo hatari ya mtoto wa jicho ilipo.

Chumba_cha_Upasuaji:

Kwa faida ya wanaochanganya aina za lenzi: haya yote ni ya lenzi ya nyuma ya airisi. Lenzi inayobana airisi kwa mbele, aina ya Artisan, haizuii mboni kutanuka moja kwa moja lakini huipunguzia upana, na mikunjo miwili ya airisi isipokamatwa kwa usawa mboni inakuwa yai. Zile za zamani zilizoegemea pembeni mwa chemba ya mbele zilikuwa na tabia mbaya zaidi: mboni ilianza kuwa duara, ikarefuka kidogokidogo kwa miaka, kwa sababu miguu ya lenzi ilikuwa inaminya mishipa ya damu kwenye shina la airisi. Mwenye lenzi ya namna hiyo akiona mboni imerefuka akapimwe, hata kama anaona vizuri.

SwaliMoja:

La mwisho: kutanua mboni tena kwa ajili ya kuangaliwa retina, kuna shida?

MpimaMacho:

Inaruhusiwa, na mwenye jicho refu anashauriwa aangaliwe retina kila mwaka. Kwa saa 4 hadi 8 ataona miduara mikubwa kwa sababu ukingo wa lenzi uko wazi, asiendeshe. Presha na mwinuko vipimwe kabla ya matone, si baada. Na aende na karatasi yenye aina ya lenzi, nguvu yake, urefu, mhimili kama ni ya astigmatizimu, mwinuko wa mwisho na mwanga uliotumika kuupima, pamoja na upana wa mboni zote mbili kabla ya upasuaji. Kama mboni iliwahi kugoma kubana siku za mwanzo, aombe tropikamaidi peke yake. Atropini asiwekewe kabla aliyemfanyia upasuaji hajaulizwa, kwa sababu inashika siku 7 hadi 14 na hakuna tone la kuitoa haraka.